Kulwa, ile jezi ninayo

Kulwa, ugonile. Simu zangu hupokei ndo maana naandika hapa. Jina lako sitaji, ukiisoma utajua ni Doto.

Juzi nimeona video yako unafundisha watoto basketi huko uliko, umesema mwenyewe mbele ya kamera we ni nani, na kwamba kwenye timu yako hafukuzwi mtu kwa jinsi alivyo. Nimeirudia mpaka bando likaisha. Umekonda, ila unavyorusha ni vilevile kama kile kiwanja cha shule, mkono unabaki juu kama unaaga mtu.

Na 98 bado unavaa. Mi nilijua ni mwaka tuliozaliwa, mama alijua hivo, Soweto yetu nzima hapa Mbeya ilijua hivo. Mpaka ule usiku umeme umekatika ukanihadithia Jason Collins, yule senta wa NBA aliyejitangaza 2013 kwamba ni shoga na alikuwa bado hajastaafu, kwamba alivaa 98 kwa ajili ya Matthew Shepard, mwanafunzi aliyeuawa Marekani 1998 kwa sababu alipenda wanaume wenzake. Ukasema Collins naye pacha, tena ndo Kulwa, alimtangulia Jarron dakika nane. Alimwambia asubuhi, Jarron akashangaa, hakuwahi hata kuhisi, lakini kufika jioni alishasimama upande wa ndugu yake. Ukanyamaza unaningoja. Nikakwambia nimekuelewa, tulale.

Halafu ile siku ya kikao. Tuna miaka 21, mvua inapiga bati, baba mdogo kashika jezi yako, na ananiuliza mimi sio wewe, "Doto, hii namba maana yake nini?" Ningesema mwaka wetu wa kuzaliwa, na isingekuwa uongo Kulwa! Ilikuwa kweli kabisa. Mi nikasema yote, Collins, Shepard, mpaka ulivyonyamaza ule usiku, na ulikuwa unaniangalia tu hukunikatiza, kwa nini hukunikatiza? Baba mdogo akaitupa kwenye jiko la mkaa, we ukabeba viatu vyako ukatoka na mvua ile kuelekea stendi ya Nane Nane, mi nimebaki nimeshika kikombe cha chai.

Lakini na wewe ungenisikiliza. Nilikwambia cheza tu, mengine kaa nayo moyoni, sheria ya nchi hii unaijua, watu wa Mwanjelwa unawajua. Justin Fashanu si ulinihadithia mwenyewe, mchezaji wa soka mweusi wa kwanza Uingereza kununuliwa paundi milioni moja, 1981, kutoka Norwich kwenda Nottingham Forest, akajitangaza 1990, mdogo wake John ambaye naye alikuwa mchezaji akaenda gazetini kumkana, halafu 1998, tisini na nane hiyohiyo, Justin akajiua. Niliogopa yasikukute yale. Nilisema pale kikaoni ili wazee wakukalishe chini, yaishie nyumbani. Na mimi ndo nilibaki, mi ndo nilikuwa nampeleka mama hospitali, mi ndo nalima yale mahindi, we ulikuwa unatuma hela tu. Kwa hiyo usinifanye mi ndo John.

Na msibani hukuja. Ndiyo, ile meseji ya usije hali sio nzuri niliituma mimi, baba mdogo kasimama hapohapo ubavuni, lakini we unanijua tangu tumboni, ulishindwaje kujua nataka uje? Nilitupa udongo mara mbili, wangu na wako. Watu wakadhani nimechanganyikiwa.

Tulivyogawana vitenge vya mama, chini kabisa ya sanduku nikakuta jezi. Aliitoa jikoni. Kaifua, ile 9 imeungua nusu, kaishonea kiraka cha kile kitenge chake cha kwaya, unakikumbuka, cha bluu. Miaka yote hiyo nalala naye nyumba moja hakuwahi kunionyesha. Hilo ndo linaniumiza Kulwa, kwamba alinificha mimi.

Baba mdogo kaiona juzi hapa mezani, akauliza tena. Nikamwambia ni ya Kulwa, namtumia. Akachukua kofia yake akaondoka.

Nipe namba ya mtu wa kumkabidhi.