Mwanangu, usimwachishe inhela

Mwanangu, asalaam aleikum. Nimesikiza voisi yako yote na nimefurahi mjukuu wangu amelala vizuri, lakini uliposema umemwachisha inhela yake ya pumu sababu vile vidonge vya homiopathi vyamtosha, roho yangu haikutulia kabisa.

Mie sikatai kwamba mtoto akwambia yuko afadhali. Namuamini. Shida ni kuwa kwa pumu, kujisikia afadhali na mapafu kufunguka ni vitu viwili tofauti. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2011, wagonjwa wa pumu walipewa inhela ya kweli, siku nyengine inhela ya bandia isiyo na dawa, nyengine sindano za Kichina za uongo, na kuna siku hawakupewa kitu. Walipoulizwa, nafuu waliyoisikia kwa zile za bandia ilikaribia kabisa ile ya dawa. Lakini walipopuliza kwenye mashine, dawa iliongeza pumzi kama asilimia 20 na za bandia kama 7 tu, sawa na kukaa bure. Hao ni watu wazima na akili zao, wasema niko sawa na kifua bado kimebana, sasa mtoto mdogo vile atajuaje?

Na ndani ya vile vidonge mna nini? Huo mpango wa homiopathi ulianzishwa na daktari Mjerumani, Hahnemann, mwaka 1796. Kidonge kilichoandikwa 30C maanake tone moja la dawa limetiwa kwa matone 99 ya maji, halafu tone la hapo likatiwa kwa 99 mengine, hivyo hivyo mara 30, na ikifika kama mara ya 12 hata chembe moja ya dawa huitarajii tena. Maji hayo ndiyo hutiwa kwenye vidonge vya sukari, basi imebaki sukari tu. Usinilinganishie na mwarobaini, mwarobaini ukiunywa uchungu wake wausikia hadi kesho, mna kitu mle. Australia walikagua tafiti nyingi sana, 2015 wakasema hakuna ugonjwa hata mmoja uliopatikana ushahidi wa kuaminika kuwa homiopathi yautibu.

Najua yule bwana wa homiopathi alikaa na wewe, akakuuliza mtoto alalaje, alaje, aogopa nini, na hospitali wasubiri foleni tangu asubuhi halafu daktari hata hakutazami usoni. Hilo lauma na una haki kukasirika. Lakini kusikizwa hakufungui mapafu mama.

Basi inhela ya kila siku umrudishie leo, ile ya buluu ya kufungua kifua haraka iwe kwenye mkoba wa shule na mwalimu wake ajue. Ukiona mbavu zaingia ndani akivuta pumzi, au hawezi kumaliza maneno, mpe ile ya buluu na mkimbize hospitali hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane, shika tuktuk yoyote, mie nitatuma pesa kwa M-Pesa mkiwa njiani.