Kabla hujaondoka kwenda Vienna

South B, Nairobi

Dada Rehema,

Salamu nyingi. Huku wazima, baridi tu ya Julai. Mama Kombo anakusalimu, anatangaza safari yako mtaa mzima.

Habari za kupangiwa ubalozi wetu wa Vienna nimezipata kwa Halima badala ya kwako, lakini hayo tuyaache. Nimefurahi mno. Ila sijatulia, na anayeninyima utulivu ni yule aliyekuwa balozi wa Ufaransa kule Canberra, Australia, Jean-Pierre Thebault. Unakumbuka tulivyobishana juu yake?

Tarehe 30 Agosti 2021 mawaziri wa Ufaransa na Australia walitoa taarifa ya pamoja wakiusifu mradi wao wa nyambizi. Tarehe 15 Septemba, Australia, Uingereza na Marekani zikatangaza AUKUS, mapatano yao ya ulinzi: Australia itapata nyambizi zinazoendeshwa kwa nyuklia, na zile 12 ilizokuwa iundiwe na Wafaransa basi. Kumbe watatu hao walikuwa wakizungumza kwa siri kwa miezi! Ufaransa ikamwita Thebault nyumbani, na balozi wake mwingine, Philippe Étienne, kutoka Washington, jambo ambalo haikuwahi kuifanyia Marekani.

Wewe ulisema ni biashara tu, watu wamekosa zabuni. Mimi nakataa hadi leo. Balozi hana mtaji ila neno lake. Wenyeji wakimwambia mambo shwari, huandika nyumbani kwamba mambo shwari, na kesho yake anaonekana mwongo kwa wakubwa wake. Tena waliomficha si maadui. Adui angejihadhari naye. Oktoba, Biden alimkiria Macron mjini Roma kwamba jambo lile halikufanywa vizuri. Sawa, lakini heshima ya aliyekuwa Canberra?

Na huko Vienna ndiko China ilikolifikisha suala lenyewe, kwenye Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki: urani iliyomo ndani ya nyambizi ya jeshi itakaguliwaje? Utaketi vyumba hivyohivyo, Rehema, na marafiki wa Kenya watakushika mkono kwa bashasha. Nakuomba, ukiambiwa ulisemee jambo ambalo hujaonyeshwa karatasi zake, uliza kwanza, hata mkubwa akinuna. Hilo tu ndilo linalonikosesha usingizi.

Sasa, unaondoka lini hasa? Umemaliza shughuli pale wizarani, Old Treasury? Mtoto unakwenda naye, au anabaki Voi kwa bibi yake? Na Jumamosi utakuja, au nije mimi?

Nduguyo,
Saida