Risala ya Wanafunzi wa Zamani Tuliolala Bwenini Wakati wa Vita vya Kagera

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu, wazazi na wanafunzi,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kwenye mahafali haya. Sisi ni wanafunzi tuliokuwa kidato cha kwanza shuleni hapa mwaka 1978. Wenzangu wamenituma niisome risala hii kwa sababu sehemu kubwa ya yaliyomo yalinipata mimi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, Rais wa Uganda, yalivuka mpaka na kuteka eneo la kaskazini mwa Mto Kagera, katika mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lile ni la Uganda. Siku chache baadaye daraja la Kyaka, linalovuka mto huo, likavunjwa. Kwetu ni ng'ambo ile. Tuliondoka na nguo tulizovaa. Mjomba akanileta Mwanza kwa meli, akanikabidhi kwa mwalimu wa zamu, akarudi kumtafuta mama.

Usiku wa kwanza bwenini nilishapewa jina: Nduli, jina alilokuwa akiitwa Amin. Nilitoka upande aliouteka Amin, basi kwa wenzangu nilikuwa mtu wake, mpelelezi. Taa zilizimwa mapema kwa amri, tukijihadhari na ndege za kivita, na giza lile ndilo lililokuwa saa yao. Walinisimamisha katikati ya vitanda. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba kila mtoto alikuwa ameshaikariri kutoka redioni. Mmoja anaanza, "Uwezo wa kumpiga tunao," mkanda unashuka. "Sababu ya kumpiga tunayo," mkanda. "Na nia ya kumpiga tunayo." Maneno yaliyoinua taifa zima likamtoe mvamizi, nilichapwa nayo mimi, mtoto wa nchi hii hii, niliyefukuzwa nyumbani na mvamizi huyo huyo. Tulikuwa tumechimba mahandaki nyuma ya bwalo na mvua za vuli zikayajaza maji. Humo pia nimewahi kulazwa, hadi kengele ya alfajiri.

Wazazi wataniuliza, walimu walikuwa wapi? Walimu vijana walikwenda mgambo, na mlinzi pia. Waliobaki walikaa mbali, ng'ambo ya uwanja. Bweni liliachiwa viranja, na viranja nao walikuwa watoto.

Mama alipatikana Muleba, salama. Akanitumia kopo la senene, wale panzi wa kwetu, wa kukaanga, maana ulikuwa msimu wake. Wakubwa wakalipindua sakafuni, wakakanyaga, wakasema ni chakula cha Amin. Walipokwisha kulala, mvulana mmoja wa Ukerewe, mdogo kwangu kwa umbo na kwa umri, alishuka kitandani. Akapapasa sakafu gizani, akaokota mmoja mmoja wale waliosalimika, akawapuliza vumbi, akatia mmoja mdomoni. Nyumbani kwao hawakula senene, hakuwahi kumwonja hata siku moja. Akatafuna, akasema, "Wana chumvi," kisha akanijazia kiganja. Kesho yake alihamishia kitanda chake karibu na changu. Wakampiga na yeye. Hakukirudisha. Mheshimiwa, mtu huyo yupo hapa, safu ya tatu, na mke wake.

Aliyekuwa kinara wa mkanda alikuwa na kaka yake vitani, na barua hazikuja. Januari 1979, redio iliposema jeshi letu limeingia Mutukula, mpakani upande wa Uganda, alikuja kitandani kwangu peke yake, akachuchumaa. Aliniuliza Mutukula iko wapi. Iko mbali na mto? Kuna milima, kuna mahali mtu anaweza kujificha? Nilimchorea kwa kidole kwenye blanketi: mto huu hapa, Kyaka hapa, barabara inapanda hivi. Alisikiliza kwa makini sana. Wiki iliyofuata alinipiga tena. Nimeliwaza jambo hili miaka mingi na bado sina jibu lake. Najua tu kwamba mtoto yule naye alihitaji mtu mzima wa kumuuliza maswali yale, na hakuwapo. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, shule nzima ikaimba hadi usiku, na kaka yake alirudi mzima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukuja kushtaki. Wapo waliotutesa ambao wamechangia mfuko wetu wa ujenzi. Wameomba majina yao yasisomwe, tukakubali.

Tuna ombi. Nyumba za walimu mpaka leo ziko ng'ambo ya uwanja, na usiku bweni la kidato cha kwanza linabaki na kiranja. Tunataka kujenga nyumba ya mlezi, ukuta kwa ukuta na bweni hilo, yenye dirisha linalofunguka upande wa vitanda. Msingi tumeuchimba, matofali na saruji vipo. Tunaomba ofisi yako itusaidie mabati na mbao za paa, na ifuatilie mlezi huyo aajiriwe, asiwe mwalimu aliyeongezewa zamu. Uongozi wa shule nao tunauomba mwanafunzi anayehamia katikati ya mwaka apokewe na mlezi mwenyewe, na usiku wake wa kwanza asikabidhiwe kwa wakubwa.

Tunaomba kuwasilisha.