Kikao cha Jumamosi: kukabidhi kazi kabla ya kustaafu

Habari za jioni, ndugu zangu.

Jumamosi saa mbili usiku tunakutana kwa video kama kawaida. Wengi wenu mmeniuliza pembeni swali lile lile: nikishastaafu, nani ataishughulikia programu ya kompyuta niliyoiandika? Basi ndiyo mada.

COBOL, lugha ya zamani ya kuandikia programu, ilibuniwa 1959 na hadi leo kuna mabenki yanayoitegemea. Mwaka 2020, corona ilipopamba moto, gavana wa New Jersey kule Marekani aliomba hadharani wanaoijua wajitolee, maana mfumo wa mafao ya waliopoteza ajira ulielemewa. Sitaki mtu aje kuwagongea mlango namna hiyo.

Kila mmoja achague faili moja ya zamani, ile ambayo wenzake kazini wanaogopa kuigusa. Git, zana inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo (maandishi ya programu), huonyesha nani alibadilisha mstari upi na lini. Kwa nini, haisemi kama hukuandika. Hiyo "kwa nini" ndiyo tutakayojifunza kuiandika. Siri za mwajiri ziachwe hukohuko, na nywila msitume humu, tafadhalini! Akaunti za kazi mlizofungua kwa barua pepe binafsi anzeni kuzihamisha sasa. Hizo husumbua kuliko msimbo wenyewe.

Kiungo nitakiweka Ijumaa. Mwenye udhuru aniambie mapema.