Risala ya Wanafunzi wa Udaktari kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wahadhiri wetu, wageni waalikwa, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Nawe tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mazito uliyonayo. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, njia ya kujifunza kwa tatizo, yaani wanafunzi kuanza na kisa cha mgonjwa badala ya mhadhara, ilianza Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 1969, ikafika Maastricht, Uholanzi, mwaka 1974. Majirani zetu wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, nao wanaitumia kufundishia madaktari. Chuo chetu hakikubaki nyuma. Chama chetu kimepiga hatua kubwa: tumewaendeshea semina wanafunzi wa mwaka wa kwanza, tumekusanya visa vya wagonjwa katika kijitabu kinachogombewa chuo kizima, na ubao wa matangazo umepakwa rangi upya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba sasa usikivu wako wa pekee. Tumearifiwa kwamba njia hii itafanyiwa tathmini ili iamuliwe kama iendelee au turudi kwenye mihadhara mitupu. Tathmini tunaiunga mkono. Ombi letu ni kwamba kipimwe kitu chenyewe.

Njia hii inataka wanafunzi wanane hadi kumi, meza moja, ubao, na mkufunzi anayeuliza badala ya kuhubiri. Kundi linapewa kisa, tuseme mtoto mwenye homa aliyeanza kupata degedege. Wanajiuliza wanajua nini na hawajui nini, wanagawana ya kusoma, kisha wanarudi kubishana kwa hoja. Sisi tunakaa zaidi ya thelathini chini ya mwembe nyuma ya kantini. Watatu wanazungumza, waliobaki wanasikiliza, na mvua ikinyesha somo limekwisha. Ukitupima hivyo, umepima uhaba wa vyumba.

Watafiti waliojumlisha tafiti nyingi mwaka 2003 waliona kwamba wanaosoma kwa njia hii wanatumia vizuri zaidi walichojifunza. Katika mitihani ya maarifa walikuwa nyuma kidogo, lakini walichokipata kilidumu zaidi vichwani. Kwa hiyo mtihani wa kukariri peke yake hautatutendea haki, wala hautamtendea haki mgonjwa anayetusubiri wodini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni vyumba vidogo vya majadiliano. Si jipya. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituletea wapimaji, na vigingi vyao bado vimesimama nyuma ya maktaba. Aliyekutangulia mwaka jana aliahidi ujenzi uanze kabla ya masika. Tulimpigia makofi kwa moyo wote, na kumbukumbu za kikao tunazo. Hatumlaumu mtu. Ahadi ni deni, nasi ni wadai wapole ambao kila mwaka tunaaga wenzetu waliohitimu bila kuviona vyumba hivyo.

Kwa heshima kubwa tunakuomba, kabla hujashuka jukwaani leo, ututajie tarehe ya kuanza ujenzi na ofisi itakayousimamia. Tunaomba pia wakufunzi wetu wapewe mafunzo ya kuongoza makundi, na tathmini isubiri hadi tuwe tumesoma walau mwaka mmoja ndani ya vyumba hivyo. Nakala ya risala hii tutakukabidhi pamoja na zile mbili zilizotangulia.

Tunaomba kuwasilisha.