Risala ya Askari Wastaafu na Mgambo wa Vita vya Kagera kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu ya Missenyi,
Mkuu wa Shule, walimu na wajumbe wa Bodi,
Viongozi wa dini na wa serikali za vijiji,
Wazazi, wanafunzi, na wapiganaji wenzangu,
Itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya askari wastaafu na mgambo waliopigana Vita vya Kagera, wanaoishi katika kata hii na kata za jirani, tunakukaribisha sana shuleni hapa. Tunajua ratiba yako imebana, na tunajua barabara ilivyo baada ya mvua za wiki hii. Pole kwa tope. Kama kuna watu wanaoijua nchi hii ikiwa tope, ni sisi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tangu asubuhi wazee wamekaa madarasani na wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu, wakiwasimulia vita. Tulikuja tumejiandaa kwa tarehe, majina ya makamanda na namba za brigedi. Watoto hawakuuliza hayo. Waliuliza: Babu, mlikuwa mnakula nini? Mlioga wapi? Mama yako alijuaje kama uko hai? Uliogopa? Mwenzetu mmoja, aliyekuwa kruta, askari mpya mafunzoni, mwaka 1978, alijibu swali la chakula kwa muda mrefu hivi kwamba kengele iligongwa kabla hajavuka Mutukula, pale mpakani.

Historia yenyewe unaifahamu, hatutakuchosha nayo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya nduli Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba Kampala ikatangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera, takriban kilomita za mraba 1,800, ni mali ya Uganda. Uwanja huu tuliokaa ulikuwa ndani ya hesabu hiyo. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Kiwanda cha sukari kikaporwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wakauawa na wengine wakachukuliwa. Tarehe 2 Novemba Rais wetu, Mwalimu Nyerere, akahutubia Taifa: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Hotuba hiyo mtoto yeyote hapa anaweza kukusomea bila karatasi.

Ambazo hajasomewa ni wiki zilizofuata hotuba. Ilikuwa mvua ya vuli. Wengi wetu tulifika kwa treni hadi Mwanza, kisha meli hadi Bukoba, na kutoka Bukoba ni lori likikubali, miguu lisipokubali. Malori mengine yalikuwa ya watu binafsi na mashirika, yamekusanywa mikoani, bado yana majina ya wenyewe ubavuni. Yakikwama, platuni nzima inashuka kusukuma, na anayesukuma nyuma ya gurudumu anajua atakavyotoka. Ukingoni mwa mto, handaki ulilochimba mchana linajaa maji usiku. Unasimama lindo maji yakiwa magotini, bunduki umeibeba kifuani kama mtoto, na mwenzako akikupokea unashindwa kuvua buti kwa sababu miguu imevimba ndani yake. Mzee aliyesimulia hayo leo aliwaonyesha wanafunzi kucha za mguu wa kushoto ambazo hazijawahi kuota sawasawa. Walisogea karibu wote kutazama. Hakuna ramani ya vita ambayo ingewavuta hivyo.

Tulipovuka mto mwezi huohuo wa Novemba, upande huu ulikuwa kimya. Migomba ilikuwa imekomaa bila mkataji, ndizi zinaivia juu na kuanguka. Nyumba hazina milango, nyingine hazina mabati. Mmoja wetu ni mwenyeji wa kijiji cha tatu kutoka hapa. Alipita mbele ya boma la baba yake akiwa kwenye mstari na hakuruhusiwa kusimama. Familia yake ilikuwa imeshavuka kwa mtumbwi kwenda ng'ambo, lakini yeye hilo alilijua baada ya miezi kadhaa, kwa barua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa tunaomba uturuhusu tuseme kitu ambacho kwa kawaida hakiandikwi kwenye risala. Kila Siku ya Mashujaa tunasikia kwamba tulikuwa simba wasiojua woga. Tunashukuru kwa heshima hiyo, ila siyo kweli, na watoto hawa wamesikia ukweli leo kwa mzee aliyekuwepo kwenye mapigano ya Lukaya, ndani ya Uganda.

Tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201 ilikuwa kwenye ile barabara iliyojengwa katikati ya kinamasi, njia ya kwenda Kampala. Wengi katika brigedi hiyo walikuwa wageni wa vita, mgambo waliofunzwa kwa haraka. Majeshi ya Libya yaliyokuja kumsaidia Amin yakaanza kurusha makombora. Mengi yalipita juu ya vichwa vyao, lakini mtu ambaye hajawahi kusikia mlio ule hawezi kujua kwamba yanapita. Safu ikavunjika. Wakakimbia, wengine wakaingia kwenye mafunjo maji yakiwa kifuani. Wachache walibaki na vifaru. Usiku Brigedi ya 208 ikazunguka kuziba njia kwa nyuma, na alfajiri ya tarehe 11 walewale waliokimbia jioni wakarudi kwa mbele. Walibya wakabanwa katikati, wakashindwa vibaya.

Mwanafunzi mmoja akamuuliza mzee wetu: kwa nini mlirudi? Akasema hajui vizuri. Sajini aliita majina gizani, na alipofika kwenye jina lake akajikuta ameshaitika. Sisi tunaliona jibu hilo lina thamani kuliko hotuba nyingi tulizopigiwa makofi, na kama lisingetoka leo lingezikwa naye.

Kuna swali jingine lilikuwa gumu zaidi. Tulipoingia mji wa Masaka, Uganda, Februari 24, sehemu kubwa ya mji ilibomolewa, na si yote kwa mapigano. Askari wetu walikuwa wameiona Kagera ilivyofanywa. Msichana wa kidato cha tatu akauliza waziwazi: na ninyi mlilipiza kisasi? Mwalimu wake alitaka kumkatiza. Mzee akasema mwache. Akajibu ndiyo. Akaeleza pia kwamba Mwalimu Nyerere alipopata habari hakufurahi, na ikatoka amri kwamba mbele ya safari raia na mali zao wasiguswe. Kampala ilipoanguka mwezi Aprili, watu walitoka barabarani kutulaki. Yule mzee anaamini wangejifungia ndani kama amri ile isingetoka. Mheshimiwa, tunampongeza binti huyo na tunaomba asije akaadhibiwa kwa swali lake.

Sasa tuje kwenye yanayotusumbua. Jeshi la Wananchi halikwenda peke yake vitani. Lilikwenda na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Polisi, Magereza, na mgambo wengi mno walioitwa kutoka vijijini. Vita vilipokwisha, askari wa kudumu walirudi kambini, mgambo wakarudi shambani. Katika kikundi chetu wapo mgambo ambao hawana karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba walikwenda. Wana makovu, na wana sisi tuliokuwa nao handaki moja. Kila walipoulizia wameambiwa majalada yanatafutwa. Hatuko hapa kulaumu ofisi yoyote, na pengine majalada kweli yanatafutwa. Tunaloomba ni kwamba ofisi yako ikubali ushahidi wa wenzao kwa kiapo, ili angalau majina yao yaandikwe kwenye orodha ya wilaya wakiwa hai. Mdogo wetu kuliko wote amevuka miaka sitini na mitano. Mwaka jana tumezika, mwaka huu tumezika.

La pili ni hili zoezi la leo. Walimu wa historia wamekuwa wakirekodi kwa simu zao wenyewe, simu zinajaa, na rekodi nyingine imefutwa kupisha nyingine. Kinahitajika kinasa sauti, kompyuta moja ya kuhifadhia, na mtu anayekijua Kihaya vizuri, maana baadhi ya akina mama waliokimbia na watoto mgongoni mwaka ule husimulia kwa Kihaya tu. Nao tunaomba waingizwe. Mama aliyevuka Mto Kagera usiku na watoto na mbuzi wawili aliona vita kuliko mpishi wa brigedi, na wapishi wetu wapo hapa, watusamehe.

Mwisho, usafiri wa kwenda Kaboya tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Makaburi ya wenzetu yako kule, na kila mwaka wanaopata nafasi kwenye gari ni wale wenye nguvu ya kugombea mlango. Basi moja dogo litatosha, ukiweka na viti vya wanafunzi wachache watakaokuja na madaftari yao.

Baada ya chakula, Mheshimiwa, darasa la kidato cha tatu B linaendelea na mzee wa chakula, ambaye ameahidi kuwa leo atafika Masaka. Kiti chako kimewekwa, ukipata nafasi.

Naomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya wapiganaji wastaafu na mgambo