Mheshimiwa, ile mashine ya kutafuta watu chini ya maji iko wapi? Mdogo wangu bado yuko ziwani

Mheshimiwa, shikamoo.

Jina lako siandiki na ofisi yako siitaji, mwenyewe unajijua na watu wa mwaloni kwetu wanakujua. Ulikuja kwenye msiba wa wale watano mwaka juzi, ukakaa chini ya turubai la bluu, ukala ugali na sato pamoja na sisi, ukasimama ukatuahidi kwamba mashine ya kutafuta watu chini ya maji italetwa huku kisiwani kabla mwaka haujaisha na vijana wawili wa hapa hapa watapelekwa kusomea namna ya kuitumia. Mama yangu ndiye aliyekuletea maji ya kunawa siku ile. Leo mama huyo huyo anakaa mlangoni toka alfajiri anaangalia ziwa, hali, haongei, kwa sababu mtoto wake wa mwisho yuko huko chini leo siku ya 12 na sisi wote hatujui ni wapi hasa.

Nieleze ilivyokuwa. Boti ya mbao ilitoka saa tisa usiku na magunia ya dagaa, watu sita, walitaka kuwahi kabla upepo haujaamka. Kama saa kumi hivi upepo ukaja kutoka pembeni, boti ikalala upande mmoja na haikuinuka tena. Wanne walishika madumu wakaokolewa na wavuvi wa karabai waliokuwa wanarudi, wa tano tulimkuta asubuhi, mdogo wangu alikuwa ndani kabisa kwenye tumbo la boti anakomba maji. Mimi nadhani magunia yalihama yote upande mmoja, wengine wanasema kuna ubao uliachia maana ile boti ilishaanza kuvuja wiki mbili kabla, sijui, ushahidi wa hayo yote uko chini pamoja naye.

Wazee walituambia tusubiri, siku ya tatu ataibuka mwenyewe. Kweli maji yetu ni ya vuguvugu na wengi huibuka. Lakini aliyebanwa chini ya magunia ya dagaa na boti juu yake haibuki Mheshimiwa, siku ya tatu ikapita, ya nne ikapita, ikabidi tuanze kutafuta kwa njia tunayoijua. Boti mbili zinatembea sambamba, katikati kamba ndefu yenye ndoana kubwa na nanga ndogo nne, tunaburuta chini taratibu na mimi nimeshika ile kamba mkononi nasikilizia. Kila ikinasa moyo unaruka. Tumevuta jiwe, tumevuta nyavu za watu zilizoozea chini, tumevuta gogo, siku moja tulivuta turubai kipande na nikajua ni la boti ile, kijani lenye kiraka nilichoshona mimi mwenyewe kwa uzi wa nyavu. Hapo hapo tukafunga jiwe kwenye kamba ya mita 60, juu tukaweka dumu la njano la lita 20 kama boya, nikachukua pointi ya GPS kwenye simu, nikasema basi tumempata.

Hatukumpata. Pale kina ni mita 38, kamba ni mita 60, ina maana upepo ukivuta dumu linaweza kukaa hata mita 46 mbali na jiwe lake, na kila upepo ukigeuka nalo linageuka. Pointi ya GPS niliyochukua ni ya dumu, sio ya boti iliyozama, maana GPS inafanya kazi kwa mawimbi ya redio kutoka kwenye setilaiti na mawimbi hayo yakigusa maji yanakufa hapo hapo juu, huko chini hayafiki. Mzamiaji tuliyemkodi kutoka mjini alishuka na mtungi mmoja. Kwenye mita 38 kila pumzi inakula hewa karibu mara 5 ya ile ya huku juu, kwa hiyo mtungi ambao ungemtosha saa nzima ulimpa dakika chache tu za kupapasa. Alipanda ana tope mpaka kwenye viwiko, akasema amewasha tochi na mkono wake mwenyewe hauoni. Huyo kijana simlaumu hata kidogo, alishuka mara mbili, na mara ya pili alitoka damu puani. Boti inaweza kuwa mita 20 kutoka alipokuwa anapapasa na asingejua.

Ndio maana nakuambia kitu kinachofika huko chini ni sauti. Hili silisemi kwa kusoma mtandaoni tu, nimewahi kubeba mizigo kwenye chombo cha watafiti wa samaki nikaona kwa macho yangu. Wanashusha kifaa pembeni, kinapiga sauti ambayo sikio halisikii, sauti inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, ikigonga kitu inarudi, kompyuta inapima muda. Ikirudi baada ya sehemu ya kumi ya sekunde basi kitu kiko mita 75, hesabu ya darasa la saba. Sangara anaonekana vizuri sana kwa sababu ya bondo lake, ile hewa ndani ndiyo inayorudisha mwangwi. Mwaka 1999 watafiti wa nchi zetu tatu tayari walikuwa wanazunguka Ziwa Victoria hili hili wakihesabu sangara kwa sauti. Samaki wanahesabiwa kwa sauti Mheshimiwa, na mdogo wangu anatafutwa kwa ndoana.

Tena sio elimu mpya. Mwaka 1826 kule ziwa la Geneva, Uswisi, mtu anaitwa Colladon na mwenzake walitumia boti mbili, moja inagonga kengele ndani ya maji na kuwasha baruti wakati huo huo, mwenzake yuko mbali kaweka bomba majini anasikiliza na anapima muda toka aone mwanga mpaka asikie kengele. Walipata mita 1,435 kwa sekunde, kwa kengele na saa. Karibu miaka 200 imepita.

Ile ninayokuomba ni aina inayotazama pembeni. Ni kitu kirefu kama bomba kinavutwa nyuma ya boti kwa kebo, kinapiga sauti kushoto na kulia, na chochote kilichosimama juu ya tope kinarudisha mwangwi na nyuma yake kinaacha kivuli, kwenye skrini unaona umbo la boti na kivuli chake kama umepiga picha jua likiwa limeinama. Boti inakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mtu anayelima matuta. Nimepiga hesabu kwenye daftari: kama inaona mita 50 kila upande na boti inakwenda kilomita 7 kwa saa, eneo la kilomita 2 kwa 2 linaisha kwa saa 6, ukirudia ili mistari ipishane vizuri weka siku mbili. SIKU MBILI. Sisi tumeburuta ndoana siku 8, na hata nusu ya eneo hilo hatujaimaliza.

Na mzamiaji naye anafungiwa kifaa kidogo mgongoni, boti inamuuliza kwa sauti, kifaa kinajibu, kwa muda wa kwenda na kurudi unajua yuko mbali kiasi gani, na kwa jinsi sauti inavyofika kwenye masikio kadhaa ya chombo kilichoko kwenye boti unajua yuko upande gani. Hapo aliye juu anaweza kumwelekeza aende kushoto mita 20. Najua inahitaji mtu aliyesomea, maji yakiwa na tabaka la moto juu na baridi chini sauti inapinda na asiyejua atadanganyika. Lakini ulisema vijana wawili watasomeshwa, na majina yao uliyaandika wewe mwenyewe kwenye ile diary yako nyeusi, mmoja wao ndiye aliyekuwa anaendesha boti ya pili tulipokuwa tunaburuta.

Sasa kuna watu wanasema kwanini usumbuke, aliyekufa ameshakufa. Mheshimiwa, Septemba 20, 2018 MV Nyerere ilipinduka pale Ukara, zaidi ya watu 220 wakafa, na siku mbili baadaye fundi wa injini akatolewa HAI kwenye chumba kilichobaki na hewa. Mwaka 2013 Nigeria mpishi wa tagi, ile boti ya kuvuta meli kubwa, iliyozama mita kama 30 alikaa chini kama saa 60 kwenye hewa iliyobaki, wazamiaji waliokuja kuchukua maiti wakamkuta anapumua. Mdogo wangu alikuwa ndani ya tumbo la boti. Sijui kama kulibaki hewa, inawezekana haikubaki hata kidogo, boti ni ya mbao na wazi nusu, lakini hilo ndilo linaloniamsha usiku, kwamba kwa siku ile ya kwanza na ya pili hatukuwa na namna yoyote ya kujua.

Na hata kama hakuna uhai, kupata mwili ni kitu. Pale Likoni gari la mama na mwanae lilipoteleza kutoka kwenye feri Septemba 29, 2019 nchi nzima ya Kenya ilisubiri, na Oktoba 11 wakatolewa kutoka mita 58, kwenye mkondo mkali, wakazikwa. Sisi hapa matanga hayaanzi na hayaishi. Watu wanakuja, wanakaa, hawajui waseme pole ya msiba au pole ya kusubiri. Mke wake ana mimba ya miezi saba, ananiuliza avae nguo gani. Nimeuza mbuzi wanne, nimeuza sola, petroli ya boti mbili kila siku unajua ni pesa gani, wenzangu wameacha kuvua siku zote hizo kwa ajili yangu na wana watoto.

Mimi nahisi mashine ilinunuliwa, au pesa yake ilitengwa ikahamishwa kwenye kitu kingine. Wengine wanasema ipo stoo mjini inasubiri mtu wa kuisaini. Sina uhakika na simtuhumu mtu. Niliandika barua mbili ofisini kwenu, ya kwanza nikaambiwa inashughulikiwa, ya pili nikaambiwa ya kwanza haionekani. Ndio maana hii naiweka wazi.

Naomba mashine ikae kisiwani, sio stoo mjini. Naomba wale vijana wasomeshwe. Naomba boti zote za mizigo zipewe maboya ya kuvaa. Lakini hayo yote yakishindikana, kama ahadi yenyewe imeshindikana kabisa, basi niazime tu. Siku mbili. Kama ipo popote, kwa watafiti, kwa wanamaji, kwa kampuni inayopima njia za meli, piga simu moja iletwe siku mbili, petroli nitatafuta mimi, boti ninayo, chakula cha wataalamu mama atapika hata kwa hali aliyonayo. Siku mbili Mheshimiwa.

Pointi zote nimeandika kwenye daftari, ile ya turubai nimeizungushia duara. Kila asubuhi napita pale kuhakikisha dumu la njano bado lipo, jana kamba ilikuwa imeanza kukatika karibu na fundo, nimeifunga upya.